Kitanda Kinachosema Hakijui

Jumatatu, 2 Machi

Dada,

Nimefika salama, vitanda navyo vimefika salama, na dereva wa lori nusura anishushe njiani kwa sababu kila alipoingia kwenye shimo nilimgonga bega. Vitanda vyote sita vya joto vimeshapangwa chumba cha watoto njiti, kando ya ukuta wenye madirisha. Vitatu tayari vina wenyewe. Kwenye programu yako umeandika darasa zima, lile fungu la maelekezo unaloliita Kitanda, mistari na mistari, na hujawahi kuwaona wanaolala humo. Mtoto mzima anaenea kiganjani na kwenye kifundo cha mkono. Soksi yake ningeweza kuvalisha kidole gumba.

Sasa kazi. Mkuu wa wodi, mama mmoja asiye na mzaha, amechoka na neno SIJUI. Unajua skrini kubwa ya ukutani inauliza kila kitanda joto la mtoto wake. Kihisi, kile kidude cha kupima joto, kikibanduka kidogo tu kwenye ngozi, kitanda chako kinajibu SIJUI na kengele inalia. Nesi akimgeuza mtoto, SIJUI. Akimbadilisha nepi, SIJUI. Leo mama huyo aliniita kando akaniambia, "Kijana, mashine imenunuliwa ili ijue. Kutojua tunaweza wenyewe." Nilicheka, hakucheka.

Ijumaa wageni wakubwa wanakuja kuzindua chumba. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama ile namba ya joto uliyoifungia ndani ya Kitanda, ya mwisho kupimwa, uifungue, skrini iisome moja kwa moja. Ni kubadilisha neno moja tu. Ama uniwekee mlango mpya, Kitanda kieleze kwa nini hakijui: kihisi kimebanduka chenyewe, au nesi ndiye amemshika mtoto. Chagua wewe.

Naandika kwa kompyuta ya meza ya manesi badala ya kupiga simu kwa kuwa ni amri yako. Simu yenyewe inabaki kwenye kapu la mlangoni, huku hairuhusiwi kuingia nayo.

Mdogo wako,
Chapchap


Jumanne, 3 Machi

Mdogo wangu,

Ombi la kwanza: hapana. La pili: hapana vilevile.

Nilikuzuia kuongea kazi kwa simu kwa sababu kwenye simu unasema "sawa Dada" kisha unakwenda kufanya lako. Kwenye barua angalau naweza kukuonyesha ulichokubali. Basi soma polepole.

Ndani ya Kitanda kuna mambo matatu: namba ya mwisho ya joto, hali ya kihisi, na nguvu ya hita. Hayo hayatembei moja moja. Kihisi kikibanduka, Kitanda hupunguza hita chenyewe kisije kikamuunguza mtoto, hukataa kutoa namba, na huita mtu aje. Ndiyo sababu ya kujibu SIJUI na ya ile kengele. Ni kauli moja. Ukichomoa namba peke yake umechukua neno moja kwenye kauli na kuacha mengine nyuma, halafu unawasomea watu.

Mgeni akitaka maji anamwomba mwenye nyumba. Haingii jikoni akachota kwenye ndoo ya kwanza anayoiona, pengine ni ya kufulia. Anayetaka joto la mtoto aulize mlangoni. Mlango utaangalia ndani kwanza, ndipo ujibu. Nimefunga namba ili hata mimi mwenyewe, siku nikiwa na haraka, nisiweze kuichota.

Mlango wa kueleza kwa nini siuongezi. Kitanda kikishasema hakijui, inatosha. Manesi watazoea.

Na kanuni yetu iko palepale: jicho la pili. Hakuna mstari unaoingia kwenye mashine mpaka mwingine wetu ausome. Uzinduzi usikutie kichaa.

Huko ndiko anakoishi yule mdogo wetu. Sijakuuliza kitu.

Dada yako
(najua mnaniita Kufuli)


Jumatano, 4 Machi

Kaka,

Usishtuke. Karatasi hii ameileta dada wa usafi, na mimi niko ghorofa ya juu yako, wodi ya wazazi, kitanda cha karibu na sinki. Nimesikia manesi wakimsema fundi wa vitanda vya joto anayejicheka mwenyewe, nikajua ni wewe, hakuna wawili.

Ndiyo, nina mimba, na nilikuficha nawe. Miezi yake haijatimia. Presha imepanda, miguu imevimba hadi kandambili hazipiti, na daktari anasema huenda wakamtoa mtoto mapema kabla hatujapotea wote wawili. Baba yake yuko safarini kikazi, anatafuta njia ya kurudi. Kwa hiyo mtu wangu hapa ni wewe.

Nakuomba moja. Dada asijue. Unakumbuka maneno yake siku ile niliyoondoka nyumbani: "Ukishindwa huko usije kunililia." Sasa nikimpigia nitaanza na lipi? Nikishindwa ataona alisema kweli, nisiposhindwa nitamwambia mwenyewe nikiwa nimesimama. Hutaki kugombana na Kufuli, nami sitaki. Funga mdomo.

Vile vitanda vyako ni vizuri? Niambie kweli.

Kitindamimba wenu


Ijumaa, 6 Machi, asubuhi

Kaka,

Ni msichana. Walimtoa jana. Alilia kidogo, kama mlango usiotiwa mafuta, kisha wakakimbia naye. Nimemwona alfajiri hii kwa kioo tu, nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Yuko kitanda cha nne. Kile chako.

Sijaruhusiwa kumshika bado. Nilichoruhusiwa ni kuangalia skrini, nami nimeiangalia mpaka nesi akaniambia nitaichakaza. 36.5. Nikahesabu pumzi zangu nikaangalia tena, 36.5. Haitikisiki. Kaka, ile namba ndiyo iliyonituliza. Wanasema juzi ilikuwa inalialia hovyo na wewe ndiye uliyeitengeneza. Mungu akuzidishie.

Leo wanazindua, kwa hiyo hawatanishusha tena mpaka wageni waondoke. Wewe uko chini. Mwangalie kwa niaba yangu. Dada bado asijue.

Kitinda


Ijumaa, 6 Machi, alasiri

Dada,

Uzinduzi umekwisha na hatujaaibika! Wageni wamekata utepe, wamepigwa picha, mmoja amesinzia kwenye hotuba ya mwenziwe. Kengele haikulia hata mara moja. Mkuu wa wodi amenipa mkono, na yule mama hatoi mkono bure.

Skrini niliigusa kidogo juzi, marekebisho madogo ya maonyesho tu, nitakueleza nikirudi. Nimekuambatishia picha mbili za chumba kutoka kamera ya wodi, moja ya asubuhi kabla ya wageni na moja ya sasa hivi, ujionee kazi yako inavyopendeza. Angalia namba zilivyotulia.

Na kwa lile ambalo hukuniuliza: Kitinda mzima. Kila kitu salama.

Natoka kidogo nje, wageni wametuachia soda.

Chapchap


Ijumaa, 6 Machi, jioni

YEYOTE ANAYESOMA HII KABLA YA FUNDI: MGUSENI MTOTO WA KITANDA CHA NNE SASA HIVI. Msiangalie skrini. Mguseni kwa mkono. Kihisi chake kimebanduka na hita imejipunguza.

Mimi ndiye niliyeandika programu ya vitanda hivyo. Nimepiga simu ya wodi inaita tu, ya fundi haipokewi, ndiyo maana natuma barua hii kwenye kompyuta ya meza yenu ambayo yeye anaitumia.

Na wewe, mdogo wangu, ukifika kwenye mstari huu ukiwa bado umeketi, simama.

Umefungua namba. Kwenye picha zako vitanda vingine vimepanda na kushuka kidogo toka asubuhi, kama inavyopasa. Cha nne kiko palepale hadi nukta. Nilijiambia ni bahati. Kisha nikakuza picha ya pili. Taa ndogo ubavuni mwa kitanda cha nne ni ya manjano. Manjano maana yake kitanda kimepunguza hita, na hakipunguzi hita ila kimepoteza kihisi. Kitanda hakijui joto la mtoto, kimekataa kusema, na skrini yako imepita dirishani ikaiba namba ya zamani ikawasomea manesi. Kengele haijalia kwa sababu hakuna aliyeuliza mlangoni. Mtoto huyo anapoa mbele ya watu wazima mnaokunywa soda.

Nijibu. Neno moja tu. Nijibu.

Dada


Jumamosi, 7 Machi

Dada,

Barua yako aliisoma mkuu wa wodi. Mimi nilikuwa uani, nina chupa mkononi, nikasikia viti vinaanguka ndani.

Kihisi kilikuwa kimelala kwenye shuka, pembeni ya goti lake. Nadhani kilibanduka alfajiri, wakati wa kumpanga vizuri kwa ajili ya wageni. Mkuu wa wodi aliingiza mkono kitandani, akautoa haraka. Nami niliingiza wangu. Alikuwa baridi kama glasi. Mdomo umepiga bluu, halii, hajikunyati. Juu ya kichwa changu skrini ilikuwa imeandika 36.5, Dada, herufi kubwa za kijani nilizozichagua mimi.

Walimtoa wakamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakawafunika pamoja. Mama yake aliletwa kwa kiti cha magurudumu, wanamkimbiza mpaka magurudumu yanapiga kelele. Aliponiona nimesimama pale aliniuliza, "Si ulisema ni vizuri?" Maana alikuwa ameniuliza na nilimjibu hivyo.

Mama yake ni Kitinda.

Alinikataza nisikuambie. Alilazwa tangu Jumatano. Nilikuandikia kwamba ni mzima kwa kuwa nilikuwa nimezoea kukuandikia hivyo, na kwa kuwa ukisikia mambo mabaya unanyamaza, na kunyamaza kwako kunatisha kuliko kelele za watu wengine.

Nimerudisha namba ndani. Nimeifunga kama ulivyoiacha. Kengele sasa zinalia kila saa na hakuna nesi anayelalamika, wanakimbia.

Usiniulize kama mtoto atapona. Daktari anasema tusubiri, mwili wake umetumia nguvu nyingi kupambana na baridi. Sijui, Dada. Sijui, na nimechoka kujifanya najua.

Mdogo wako


Jumamosi, 7 Machi, mchana

Mdogo wangu,

Nimekukasirikia mpaka vidole vinakosea herufi. Nitaendelea kukukasirikia kwa muda, usiniharakishe. Ulichukua habari ya zamani ukanipa kama ya leo, ya mtoto na ya mama yake, zote mbili kwa siku moja. Ningekuwa karibu ningekuchapa kofi, kisha ningekushikilia.

Lakini nimesoma tena barua yako ya kwanza. Uliniomba mambo mawili. La kwanza lilikuwa baya na nilikukatalia. La pili lilikuwa zuri nalo nikakukatalia, kwa sababu lilikuwa limekaa karibu na baya na nilikuwa na hasira. Manesi walihitaji kujua kwa nini kitanda hakijui. Ni haki yao, wao ndio wanaokitumia. Kufunga namba ilikuwa sahihi. Kuwaachia neno moja tu la kupigia kelele ilikuwa uvivu wangu, nikauita msimamo. "Watazoea," nilikuambia. Mtu asipowekewa mlango anaoutaka atatoboa ukuta, na mimi nimekaa na fundi wa kutoboa kuta tangu utotoni, nilipaswa kujua.

Nimeandika mlango huo. Kitanda kikiwa hakijui kitasema hakijui, kitasema tangu lini, na kitasema sababu. Nesi akitaka kumhudumia mtoto atabonyeza kitufe kwanza, kengele itamsubiri kidogo, akikawia italia. Namba bado iko ndani, hakuna anayeigusa. Nimekuambatishia. Usome kila mstari kabla haujaingia kwenye mashine. Safari hii wewe ndiye jicho la pili, na ukiona kosa useme bila kuniogopa. Mkuu wa wodi naye umsomee kwa maneno ya kawaida, umuulize kama hicho ndicho alichokitaka toka mwanzo.

Niko njiani. Nimefunga begi bila hata kuangalia nimetia nini. Usimwambie Kitinda kwamba nakuja, atakimbia na dripu mkononi.

Dada yako


Jumapili, 8 Machi

Dada,

Nimesoma kila mstari. Nimeona kosa moja. Nesi akibonyeza mara mbili mfululizo, kengele ilikuwa inaanza kusubiri upya, kwa hiyo mtu angeweza kuinyamazisha siku nzima kwa kidole kimoja. Nimeandika kubonyeza kwa pili kusihesabiwe. Nimekuonyesha hapa chini, sijaingiza kitu mpaka uniruhusu.

Mkuu wa wodi alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sasa mashine inaongea kama mtu." Kisha akaniambia nitoke kwenye njia ya watu.

Mtoto yupo. Hilo ndilo ninalolijua.

Mdogo wako


Jumatatu, 9 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Karatasi hii nimempa dada wa usafi, yuleyule, Kaka amenionyesha. Niko kwenye benchi la ukumbini, mbele ya mlango wa chumba cha watoto njiti. Wamenizuia kwa kuwa mtu haruhusiwi kuingia mpaka mama wa mtoto amtaje. Ni kanuni nzuri. Ningeiandika hivyohivyo mwenyewe.

Kaka amenieleza kuhusu kitanda, na jana nilimruhusu aingize marekebisho yetu. Kosa la kukivunja ni lake, na kosa la kumfanya atake kukivunja ni langu, tumegawana. Hayo tutakueleza vizuri ukitaka.

Lakini sikuja kwa ajili ya kitanda. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikijaribu kuandika hii, na kila nikianza naanza kwa kujitetea. Siku ile nilikuambia ukishindwa usije kunililia. Nilikuwa naogopa utaumia na sikujua namna nyingine ya kuogopa. Ulikaa na mimba, presha, upasuaji, vyote hivyo, karibu na kaka yetu na mbali na mimi, kwa sababu mimi nilikufungia nje. Nimeumia sana kulijua hilo, Kitinda. Nimelia kwenye basi mpaka jirani akanipa leso yake, nami nimesahau kumrudishia.

Naomba unisamehe. Kama bado, niambie bado, nitakaa hapa hapa kwenye benchi. Umenisamehe?

Na mtoto anaendeleaje? Kaka anasema yupo, hataki kusema zaidi, amekuwa mwangalifu ghafla.

Dada yako


Jumatatu, 9 Machi

Dada,

Nimekuona kwa kioo. Umevaa viatu viwili visivyofanana.

Mtoto amerudi kitandani mwake leo, baada ya siku mbili kifuani kwangu. Naandika nikiwa nimemtazama. Namba yake ni 36.6. Sasa 36.4. Ilishuka, nikasimama, ikapanda tena. Nesi amenieleza ndivyo inavyotakiwa, mtoto aliye hai hatulii. Ile namba iliyokuwa imetulia niliipenda sana, unajua. Hii inanichosha roho na sitaki iache.

Asubuhi nesi alimgeuza, ile skrini ikaandika: SIJUI, ANAHUDUMIWA. Nikacheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mshono ukaniuma.

Umeniuliza kama nimekusamehe. Sijui bado, Dada. Sitaki kukupa jibu la zamani wala la kukufurahisha. Lakini Kaka ameniambia wewe mwenyewe ndiye uliyetaka iwe hivi, kwamba kitanda kikisema hakijui si ubaya, kengele inalia ili mtu aje.

Basi njoo. Nimewapa jina lako mlangoni. Nawa mpaka viwiko, vaa gauni watakalokupa, simu acha kwenye kapu. Wakikuuliza wewe ni nani usiseme mwenye programu. Sema mama mkubwa wake.

Kitinda